Konokono Ndani ya Chupa: Rai Juu ya Ufundishaji wa Kichocho

Mwanachuo mmoja niliyemkagua katika mazoezi ya kufundisha alifundisha somo la kichocho katika darasa la tano kwa namna ambayo, kwa nusu saa ya kwanza, ilinifanya nione fahari ya kuwa mkufunzi wake. Andalio lake la somo lilikuwa safi, madhumuni yake yalipimika, na mwandiko wake ubaoni ulisomeka hata kutoka dawati la mwisho. Alikuwa amechora mzunguko wa maisha ya mnyoo wa kichocho kwa chaki za rangi tatu, mishale yote ikielekea inakopaswa kuelekea. Kisha akatoa ndani ya kikapu chupa ya kioo yenye maji ya bwawa, kipande cha jani la yungiyungi, na konokono wapatao ishirini wakitambaa kwenye kuta za chupa. Darasa zima lilisimama ili lione. Nami, katika fomu ya ukaguzi, mahali pa zana za kufundishia, nikaandika: "Vizuri sana. Zana halisi."

Baada ya kipindi nikamwuliza amewapata wapi konokono wale. Akanijibu kwa furaha, "Niliwatuma watoto jana, Mwalimu, baada ya kengele ya mchana. Walikwenda kumi na mmoja. Waliingia mpaka magotini wakawaokota kwa mikono. Hawakuchukua hata robo saa."

Sikuweza kusema neno kwa muda. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika ubaoni, kwa chaki nyekundu, kwamba kichocho huingia mwilini kwa kupitia ngozi ya mtu aliyeingia katika maji yenye konokono hao. Sentensi ilikuwa bado ipo pale, nasi tumesimama mbele yake.

Siyaandiki makala haya ili kumsema kijana yule. Aliyemfundisha kwamba kitu halisi hushinda picha, na picha hushinda maneno matupu, ni mimi. Katika mihadhara yangu yote juu ya zana sikuwahi kuwaambia wanachuo waulize mtoto hupatwa na nini wakati wa kuitafuta zana hiyo. Tena alama nilizompa nilimpa kabla ya kuuliza. Rai yangu ni kwamba kosa lile halikuwa ajali ya siku moja. Limetokana na jinsi tunavyoyafundisha maradhi ya kuambukiza katika shule zetu: tunayafundisha kama mambo ya kuchorwa na kukaririwa, hali yanatokea hatua mia mbili kutoka mlangoni mwa darasa, na mara nyingine kwa amri yetu sisi walimu.

Kwanza nitalieleza jambo lenyewe, kwani nimeona wanachuo wengi wanaujua mchoro bila kuujua ugonjwa. Kichocho ni ugonjwa wa zamani mno. Mayai ya minyoo yake yamekutwa katika maiti zilizokaushwa za Misri ya kale. Minyoo wenyewe aliwagundua daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, akifanya kazi Cairo mwaka 1851. Hata hivyo ilipita zaidi ya miaka sitini kabla ya Mwingereza Robert Leiper kuonyesha, mwaka 1915, huko huko Misri, kwamba vimelea hivyo hupitia kwa konokono wa maji baridi na kwamba humwingia mtu kwa ngozi. Kwa Afrika Mashariki aina mbili ndizo zinazotuhusu. Moja hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na dalili yake kubwa ni damu katika mkojo; aina hii imeenea Unguja na Pemba, pwani, na katika sehemu nyingi za bara zenye madimbwi na mabwawa. Ya pili hukaa katika mishipa ya utumbo, huleta kuhara damu na maumivu ya tumbo, na mwishowe hudhuru ini na kuvimbisha bandama. Makao yake makuu ni kandokando ya Ziwa Viktoria. Minyoo wenyewe hawamdhuru mtu sana. Kinachomdhuru ni mayai yao, ambayo karibu nusu hushindwa kutoka nje na kunasa ndani ya nyama za mwili, yakiacha makovu. Mtoto hupungukiwa damu, hudumaa, huchoka darasani, nasi tunamwita mvivu. Akiwa mtu mzima, kibofu kilichojaa makovu kwa miaka mingi kinaweza kupatwa na saratani.

Mayai yanayotoka kwa mkojo au kinyesi yakifika katika maji baridi huanguliwa. Mdudu anayetoka ana muda wa siku moja hivi kumpata konokono wa aina inayomfaa, asipompata hufa. Akimpata huingia ndani yake, na baada ya majuma manne hadi sita, kutokana na mmoja aliyeingia, hutoka lava kwa maelfu, kila mmoja ana mkia uliogawanyika kama manati. Hao ndio wanaotoboa ngozi ya mtu, kwa dakika chache tu. Nao hutoka kwa konokono kwa wingi wakati wa jua kali, tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Ajabu ni kwamba mayai ya kichocho cha kibofu nayo hutoka katika mkojo kwa wingi saa hizo hizo. Ndiyo maana mganga anayetaka kupima mkojo huomba ule wa karibu na saa sita. Basi mtoto anayeoga bwawani mchana na kukojolea humo humo anapokea na kutoa kwa wakati mmoja, na ratiba zetu nyingi za kazi za nje huwapeleka watoto majini wakati huo huo hasa.

Ukiyafahamu hayo, utaona mara moja udhaifu wa majibu tunayoyapokea katika mitihani. Uliza darasa lolote, "Tujikinge vipi na kichocho?" Utajibiwa: kuchemsha maji ya kunywa, kunawa mikono, kufyeka majani, kufukia madimbwi, kulala ndani ya chandarua. Wengi wetu huwapa vyema, maana majibu yenyewe yanasikika kama ya afya. Lakini maji ya kunywa yaliyochemshwa hayamlindi mtoto aliyesimama mtoni akifua sare yake. Orodha ile ni moja kwa maradhi yote. Imekuwa kama dua inayosomwa kila msiba. Kipindupindu huingia kinywani, kwa hiyo maji ya kunywa na mikono ndilo jambo lenyewe. Malaria huletwa na mbu, na chandarua ndicho ngao. Surua husafiri hewani, na hapo hakuna kuchemsha wala kufyeka kutakakosaidia, ni chanjo. Kichocho huingia kwa ngozi, na hadi leo hakina chanjo iliyoidhinishwa. Mwalimu akitaka kufundisha maradhi haya kwa akili, na aanze kila mara kwa kuuliza: ugonjwa huu unatoka mwilini kwa mlango gani, na unaingia kwa mlango gani? Mtoto akiishika milango miwili ya kila ugonjwa ataitunga orodha ya kinga mwenyewe. Asipoishika, ataikariri na kuichanganya, nasi tutampa vyema.

Baada ya kumwona kijana yule nilikwenda naye zahanati. Nilidhani tutapewa dawa za watoto kumi na mmoja na aibu yetu itaishia hapo. Mganga alitusikiliza, akatikisa kichwa. "Mwalimu, dawa ninayo," alisema, "lakini nikiwapa leo haitafaa sana." Akatueleza jambo ambalo sikulijua, pamoja na stashahada yangu: prazikwanteli huua minyoo waliokomaa, wala haiwawezi vizuri wachanga. Ingefaa tungoje majuma sita hadi manane, watoto wapimwe, kisha wapewe. Mazoezi ya kufundisha yalikuwa yamebakiza majuma mawili.

Juu ya kutambua ugonjwa, walimu tunakosea kwa namna mbili zinazopingana. Wako wanaosema kuwa mwalimu si mganga, na damu ya mkojo wa mtoto haimhusu. Na wako wanaosimama mbele ya darasa la watoto tisini na kuuliza kwa sauti, "Nani anakojoa damu? Anyoshe mkono!" Hapo hakuna mkono utakaonyoshwa, na mwalimu ataandika katika daftari kuwa shule yake ni salama. Kijana yule aliuliza hivyo katika utangulizi wa somo lake. Wakati wa mapumziko, mvulana mmoja alimfuata nyuma ya jengo, akamwamkia, akasimama akichora ardhi kwa kidole cha mguu, kisha akasema: "Mwalimu, ile uliyosema. Mimi mwisho wa haja ndogo." Hakumaliza sentensi, wala haikuhitaji kumalizwa. Alikuwa ameitambua dalili barabara, hata akajua kuwa damu huonekana zaidi mwishoni mwa mkojo. Alichokosa ni mahali pa kuisemea.

Kwamba watoto wanaweza kutuambia kweli si dhana yangu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti waliofanya kazi wilayani Kilosa walitaka njia rahisi ya kujua ni shule zipi zina kichocho kingi, maana kupima mkojo wa kila mtoto katika wilaya nzima kulikuwa na gharama kubwa. Wakaandaa maswali mepesi, yakapelekwa shuleni kwa njia za kawaida za utawala, na walimu wakawahoji watoto wao. Swali la damu katika mkojo na la kichocho hawakuliweka peke yake. Waliliweka katikati ya maswali juu ya dalili na maradhi mengine, kama kikohozi na homa, ili lisiwe la kutisha. Majibu yalipolinganishwa na vipimo yalionekana kuwa ya kuaminika vya kutosha kuzitenga shule zenye tatizo na zisizo nalo, na njia hiyo ikajaribiwa baadaye katika nchi nyingine za Afrika. Nawaomba wanachuo wakumbuke ni nani aliyekuwa chombo cha kupimia katika kazi ile. Hakuwa daktari wala mwenye hadubini. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyejua kuuliza.

Basi ulizeni hivyo. Mwite mtoto mmoja mmoja, au wape vipande vya karatasi vyenye maswali sita ya kujibiwa ndiyo au hapana, la damu likiwa la nne. Tumieni neno lililo wazi. Nimewasikia walimu wakizunguka, "je, kuna mwenye matatizo kule chini?" hata mtoto asijue anaulizwa nini. Haja ndogo ni neno la heshima, na mkojo ni neno la sayansi. Yote mawili yanafaa, na kama watoto wana jina la ugonjwa huo katika lugha ya nyumbani, lijueni na mlitaje. Jueni pia kwamba katika sehemu nyingi za bara letu damu katika mkojo wa mvulana imekuwa ikichukuliwa kuwa dalili tu ya kukua, jambo linalompata kila mwanamume na kupita. Mtoto wa hapo akijibu kuwa haumwi, hasemi uongo. Kwake yeye huo si ugonjwa.

Kwa wasichana pana jambo zito zaidi, nalo halijaandikwa katika vitabu vingi tunavyotumia. Mayai ya kichocho cha kibofu huweza kunasa katika via vya uzazi vya mwanamke, yakaleta vidonda, kutokwa na damu, maumivu, hata ugumba, na kumweka katika hatari zaidi ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba wanawake na wasichana milioni 56 wana hali hii, na wengi wao wako Afrika. Dalili zake hufanana na za magonjwa ya zinaa, hivyo binti ambaye hajamjua mwanamume hutazamwa kwa jicho baya, hata na waganga, kwa sababu ya maji aliyoyachota kwa amri ya mama yake au ya mwalimu wake. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo, tena, hatajibu swali la damu kwa uhakika ule ule wa mvulana. Hapa ahojiwe na mwalimu wa kike, faraghani, na akionekana kuwa na shida apelekwe kituo cha afya pamoja na mzazi. Mwalimu asitoe hukumu yoyote juu ya tabia yake.

Kuhusu matibabu, kazi ya mwalimu ni ndogo kuliko anavyodhani lakini ina uzito. Dawa ya prazikwanteli hutolewa kwa kadiri ya miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, na shuleni, badala ya mizani, hutumika ufito wenye alama: mtoto husimama kando yake na urefu wake hutaja idadi ya vidonge. Ni dawa salama, ingawa ni chungu na vidonge vyake ni vikubwa. Lakini mtoto akiimeza tumbo likiwa tupu huweza kupata kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo, hasa yule mwenye minyoo wengi.

Mkoani Morogoro, mwaka 2008, ugawaji wa dawa hizo shuleni uligeuka kuwa ghasia. Baadhi ya watoto walijisikia vibaya baada ya kumeza dawa, habari zikaenea kwamba watoto wanauawa kwa sumu, wazazi wakakimbilia shuleni kwa hasira, na walimu, waliokuwa ndio wagawaji, wakawa ndio wa kushambuliwa. Nimewasikia watu wakilieleza tukio hilo kwa kusema kuwa wazazi walikuwa wajinga. Sikubaliani nao. Mzazi ambaye hakuambiwa kitu, akaletewa habari kwamba mwanawe ameanguka baada ya kupewa vidonge asivyovijua, akakimbia kumwokoa, amefanya kazi ya mzazi. Mkutano wa wazazi unaofanyika juma moja kabla, bakuli la uji asubuhi ya siku ya dawa, na maneno machache ya kweli kwamba tumbo linaweza kuuma kwa saa kadhaa kisha litatulia, ni vitu vya bei ndogo sana. Pasipo na uji, watoto waambiwe mapema waje wamekula, na asiyekula asipewe siku hiyo. Ni afadhali arudi nyumbani hana dawa kuliko kijiji kizima kiikatae dawa kwa miaka mitano ijayo.

Wala dawa isifundishwe kama mwisho wa habari. Mtoto aliyetibiwa leo akirudi bwawani kesho huambukizwa upya, kwa kuwa dawa haimkingi. Zaidi ya hayo, kwa miaka mingi ugawaji ulilenga watoto wa shule peke yao, na wale wasiosoma, wadogo zao, na wazazi wao walimao mpunga wakaendelea kuyarudishia maji mayai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 umepanua mkono: pale ambapo maambukizi yanafikia asilimia 10 au zaidi, dawa inapendekezwa kwa watu wote kuanzia umri wa miaka 2.

Sasa nije kwenye kinga, ambako ndiko hasa ninakogombana na wenzangu. Katika shule ile nilikokwenda kukagua, saa saba mchana, muda mfupi baada ya somo letu la kichocho, mwalimu wa zamu aligonga kengele na wanafunzi wakatoka na ndoo kwenda bwawani kuchota maji ya kumwagilia bustani ya shule. Miongoni mwao walikuwamo wale wa darasa la tano, na waliochelewa asubuhi waliongezewa ndoo mbili kuwa adhabu. Nilipomgusia mwalimu wa zamu alinijibu kwa uungwana, tena kwa haki: "Mkufunzi, bomba hatuna. Bustani ikifa, tutaulizwa. Tufanyeje?"

Wanachuo wengi watapangwa katika shule kama hiyo, na swali lake linastahili jibu lisilokuwa la kitabuni. Mimi siamini katika kuwaambia watu wasiokuwa na maji mengine kwamba wasiguse maji. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni mbili wa Tanzania walikaa katika vikundi wakisikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Kichocho kilikuwa miongoni mwa maradhi waliyoyajadili. Nguvu ya kampeni ile, kwa maoni yangu, ni kwamba kila mazungumzo yaliishia katika jembe. Somo letu la darasa la tano linaishia katika zoezi la kujaza nafasi zilizoachwa wazi.

Kwa shule ya bwawa, basi, yako mambo yanayowezekana. Saa ya kuchota ihamishwe kutoka mchana kwenda asubuhi mapema, kabla jua halijakolea; hilo halifanyi maji kuwa salama, ila hupunguza hatari, nanyi msiwaambie watoto zaidi ya hapo. Mawe na magogo yapangwe ukingoni ili mchotaji asimame pakavu na kuteka kwa ndoo yenye kamba. Kazi hiyo ifanywe na watu wazima katika siku moja ya nguvukazi ya kijiji, nao wavae viatu vya mpira. Maji ya kunawia na kuogea yakikaa katika pipa lililofunikwa kwa siku mbili kamili, bila konokono ndani, lava waliomo hufa kwa kukosa mtu wa kumwingia. Mapipa mawili yanayopokezana yanatosha kwa jikoni na kwa kunawia. Adhabu ya ndoo za ziada ifutwe. Sijui hoja yoyote inayoweza kuitetea. Na choo cha wavulana kiwe karibu na uwanja wa michezo na kiwe safi, maana konokono ambaye hakuna anayemkojolea hana kichocho cha kumpa mtu. Hili la mwisho watoto hulipenda wakilifahamu, kwa sababu linawapa uwezo: kumbe bwawa linaweza kuwa na konokono na lisiwe na ugonjwa.

Nimeulizwa na wanachuo, katika mjadala uliofuata chuoni, kama ninataka turudi kwenye picha na kuacha zana halisi. Hapana. Kombe la konokono aliyekufa zamani, lililookotwa pakavu na mwalimu mwenyewe, likachemshwa na kuanikwa, ni zana nzuri kuliko mchoro. Litazameni: lile la kichocho cha kibofu, ukilishika ncha juu na mdomo wake ukikuelekea, mdomo huwa upande wa kushoto, lile la kichocho cha tumbo ni bapa, limejikunja kama kamba iliyozungushwa mezani. Watoto hufurahia sana mchezo huo wa kushoto na kulia. Bwawa lenyewe ni zana pia. Watoto wapelekwe wasimame juu ya ukingo, mbali na maji, wachore ramani: wapi wanafulia, wapi ng'ombe wananywea, wapi wavulana wanaogelea, choo kiko umbali gani, majani yako wapi. Kisha waulizwe ni wapi mlango wa kutokea na wapi mlango wa kuingilia. Ramani kumi kati ya hizo, zikibandikwa ukutani siku ya mkutano wa wazazi, zitazungumza na mwenyekiti wa kijiji kuliko barua ya mwalimu mkuu. Ila mtoto asiguse maji, na mwalimu awe na macho ya kuwatosha wote. Mwenye watoto tisini awapeleke kwa mafungu na mwenzake akibaki darasani.

Kijana yule alirudi katika shule ile majuma manane baadaye, kwa nauli yake, siku ya Jumamosi. Tulikuwa tumewaandikia wazazi wa wale kumi na mmoja na kuwaeleza tulilolitenda, barua ambayo niliiandika mara nne. Wazazi tisa walifika na watoto wao zahanati saa tano asubuhi, na wawili walifuatwa nyumbani. Wanne walikutwa na mayai katika mkojo, akiwamo mvulana wa nyuma ya jengo. Mganga alituambia kuwa haiwezekani kujua kama waliyapata siku ile ya chupa au siku nyingine yoyote ya maisha yao kando ya bwawa lile, na kwamba, kwa mvulana yule, bila shaka ni zamani. Mama mmoja aliuliza, bila ukali, ni mwalimu gani aliyewatuma. Kijana akainuka akasema, "Ni mimi, mama." Nami nikaongeza kuwa mwalimu wake ni mimi.

Fomu yetu ya ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha ina mahali pa kuandika kama zana ipo, kama inaonekana na wote, na kama inalingana na mada. Haina mahali pa kuuliza imepatikanaje. Tangu siku ile naliandika swali hilo kwa kalamu pembeni, na mwanachuo asipolijibu simpi alama za zana. Nimewaomba wakufunzi wenzangu wa masomo mengine wafanye hivyo pia. Wa Jiografia amekubali. Wa Stadi za Kazi, ambaye wanachuo wake hutuma watoto kuleta matete na udongo wa mfinyanzi kutoka mtoni, bado tunajadiliana.